Makufuli ya Kanyakine

Kiambi alikuwa akipiga randa mguu wa kitanda katika karakana ya Mithika, pale Kanyakine, wakati kufuli la duka la dawa za mifugo lilipofunguka lenyewe na kuanguka kwenye tope ng'ambo ya barabara. Mwenye duka alikuwa hajafika. Mithika aliweka chini kikombe chake cha chai, akavuka, akaliokota, akalipangusa kwa aproni yake na kulifunga tena. Hakuwa hata amefika katikati ya barabara akirudi, likaanguka mara ya pili.

"Ni mimi," Kiambi alisema bila kuinua kichwa. "Saa zingine inafika mpaka kule."

"Nilisikia," Mithika alisema. "Watu wa boda waliniambia. Malizia huo mguu kwanza."

Kiambi alimalizia. Mguu ulikuwa laini kama sahani. Gerezani alikuwa amejifunza useremala kwa fundi mmoja mkali aliyekuwa akimwamuru kila mwanafunzi apitishe ulimi juu ya mbao kabla ya kusema kazi imekwisha, na tangu hapo Kiambi hakuwahi kutoa kazi yenye kibanzi. Mithika alipapasa mguu ule, akaupapasa tena, na uso wake ukawa wa mtu aliyekabidhiwa kitu kizuri na kuambiwa hawezi kubaki nacho.

Mambo ya makufuli yalianza siku Kiambi alipotoka. Askari wa lango alikuwa bado anachagua ufunguo kwenye fungu lake wakati kufuli kubwa lilipoachia. Askari akasema kumbe mafuta mapya ni mazuri, akamtakia safari njema. Alipofika nyumbani, kufuli la banda la kuku likafunguka, kisha la sanduku la nguo la mama yake, kisha la lango la jirani, na ng'ombe wa jirani wakatoka wakaenda kula mahindi ya watu. Karambu, mama yake, alikuwa mwanamke wa kupoteza funguo kila wiki. Alimkumbatia mwanawe, akalia, akajifuta machozi, akasema angalau shida moja imeisha. Wanawake wa kanisani waliokuwa wamemwombea miaka yote hiyo wakasema pengine ni maombi yao, na kama ni hivyo basi walipaswa kutaja ni milango ipi.

Hakuna aliyeshangaa. Lakini watu waliongea, na walichosema kilimuuma Kiambi kuliko kifungo chenyewe.

Kiambi alifungwa kwa ajili ya kahawa. Alikuwa mlinzi wa stoo ya chama cha ushirika, pale kiwandani karibu na mto. Mlango wa stoo ulikuwa na makufuli matatu. Ufunguo wa kwanza ulikaa kwa mwenyekiti, wa pili kwa katibu, wa tatu kwa mweka hazina, ili asipatikane mtu wa kufungua peke yake. Ndivyo watu wa huko wanavyoweka kila kitu cha pamoja. Hata kisanduku cha akina mama wa kukopeshana kina makufuli matatu na mabibi watatu wanaotazamana. Mlinzi hakuwa na ufunguo wowote. Alikuwa na koti, rungu na tochi. Kisha kahawa ya msimu ikatoweka, na makufuli yote matatu yakakutwa yamefungwa vizuri bila mkwaruzo. Mtu mwenye akili timamu angeanza kwa kuwauliza walioshika funguo. Waliulizwa, wakasema hawajui, wakaaminiwa. Akafungwa aliyekuwa na tochi. Inaudhi hata kuisimulia.

Miaka yote hiyo kulikuwa na watu Kanyakine waliokuwa wakinong'ona kwamba Kiambi ameonewa, kwa sababu asingeweza kufungua makufuli yale bila kuyavunja. Sasa alikuwa akipita barabarani na makufuli yanadondoka pande zote mbili. Wale wale waliomtetea walitazamana, wakatikisa kichwa.

"Kumbe korti ilikuwa inajua," walisema.

Kwa hiyo Kiambi akawa mtu wa kutotulia. Alitembea katikati ya barabara ili awe mbali na milango ya pande zote mbili, na pikipiki zilimpigia honi. Hakukaa mahali zaidi ya muda wa kunywa chai. Akiketi, magoti yalimcheza. Akisimama, alitaka kuondoka. Akiondoka, hakuwa na pa kwenda. Mama yake alimwambia apumzike kidogo, naye alijibu kwamba amepumzika miaka mingi na hakuona faida.

Alikuwa na haraka kwa sababu ya Kajuju. Kajuju, mke wake, alikuwa amehamia kwa dada yake Runyenjes alipofungwa, akamchukua na binti yao Kinya, na sasa alikuwa na meza ya ndizi na maparachichi sokoni. Hakuwa ameolewa na mwingine. Kiambi alimpigia simu wiki ya kwanza tu.

"Mimi sina maneno na wewe, Baba Kinya," Kajuju alisema. "Najua hukuiba. Lakini siwezi toa mtoto hapa nimlete kwa mtu wa vibarua. Ile siku utapata kazi yenye ukichelewa unaulizwa uko wapi, niambie. Hiyo siku nitakuja."

"Yenye nikichelewa naulizwa niko wapi."

"Eeh. Kazi yenye mtu akikosa kukuona anajua umekosekana. Hiyo tu."

Kiambi aliona si sharti kubwa. Alidhani karakana ya Mithika ndiyo kazi hiyo. Lakini kufikia mwisho wa mwezi, duka la dawa za mifugo lilikuwa limenunua kufuli jipya la Kichina, kisha jingine la bei kubwa, kisha mnyororo. Wakala wa simu naye akalalamika, na kinyozi ambaye hakuwa na kitu cha kuibiwa isipokuwa mashine moja na kioo akalalamika kuliko wote. Mithika alimwita Kiambi nyuma ya karakana.

"Mtu wangu, kazi yako sina neno nayo," alisema. "Hata wife alilala kwa kile kitanda akasema hataki kingine. Shida ni majirani. Elewa tu."

Alielewa. Mithika alikuwa na haya, akampa patasi moja aende nayo, na Kiambi akaipokea kwa mikono miwili.

Madam Karwirwa, afisa wa probesheni, alikuwa mwanamke mwema aliyeamini semina. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia waliotoka gerezani mahali pa kuanzia, na ukutani mwa ofisi yake kulikuwa na bango la mikono miwili inayoshikana. Kiambi alipoingia, kabati la chuma lilifunguka, droo zikatoka zote. Madam Karwirwa alizisukuma kwa goti huku akiendelea kuongea.

"Tutafute kazi haina milango," alisema. "Usikate tamaa, Kiambi. Wewe ni success story, sema tu haijafika mwisho."

Alimpatia nafasi Meru mjini, kwa Idrisi, mchinjaji wa Majengo ambaye bucha lake lilikuwa wazi tangu alfajiri hadi giza. Idrisi alikuwa na ndevu nyekundu za hina na hakuogopa mtu aliyefungwa. Marehemu baba yake pia aliwahi kufungwa, kwa sababu zilizosahaulika.

"Mlango wangu haufungwi mchana," Idrisi alimwambia. "Na usiku, atakayetaka mifupa na aje achukue. Wewe njoo tu."

Kiambi alipata raha pale. Alitengeneza gogo jipya la kukatia nyama, akarekebisha meza, akajifunza kuitikia salamu za wateja. Siku moja alichelewa kidogo kwa sababu ya mvua, na Halimah, mke wa Idrisi, akamuuliza kwa nini amelowa hivyo. Kiambi alikaribia kumpigia Kajuju simu. Lakini halikuwa swali lenyewe, akangoja.

Tatizo lilikuwa friji. Friji kubwa la nyama lilikuwa na kitasa, na kila Kiambi alipofika asubuhi kitasa kiliachia na mlango ukabaki wazi. Walifunga kamba, ukafunguka hata hivyo. Waliegemeza gunia la mchele, gunia likasogea. Sikukuu ikaja, nyama ikaharibika nyingi, na Idrisi alishinda mchana kutwa akiitoa nje. Halimah ndiye aliyemwambia asirudi tena. Alimfungashia pilau kwenye kopo, akamwambia Mungu atamjalia, na alikuwa akilia kweli.

Kiambi alirudi Kanyakine kwa mama yake. Hapo ndipo watu walipogundua kwamba anafaa. Mwalimu mkuu alikuwa amepoteza ufunguo wa maktaba, akaitwa Kiambi. Mtoto alijifungia chooni, akaitwa Kiambi. Shemasi alisahau funguo za gari ndani ya gari, akaitwa Kiambi, na ilikuwa Jumapili, mbele ya waumini wote. Aliitwa kwa jina, tena kwa haraka, "Mwiteni Kiambi, mwiteni Kiambi," na alifika akikimbia. Kitu kilifunguka, watu wakashukuru. Kisha walimsindikiza mpaka langoni wakimtazama mikono. Hakuna aliyewahi kumwambia aje kesho. Alimuuliza mwalimu mkuu kama shule haihitaji seremala wa madawati, kwa sababu ameona madawati yamevunjika. Mwalimu mkuu alisema watamkumbuka.

Mambo yalibadilika siku ya mkutano mkuu wa ushirika. Kiambi hakutaka kwenda. Lakini Karambu alikuwa mwanachama, goti lake lilikuwa bovu, na njia ya kwenda kiwandani ni mteremko wa kuteleza. Alimshika mkono hadi chini. Wakulima walikuwa wameketi kwenye nyasi na viti vya plastiki, na mwenyekiti, mzee Mwenda, alikuwa akieleza kwa masikitiko kwamba mbolea ya bei nafuu imekwisha kabisa, hata yeye mwenyewe hakupata, na kwamba kamati inawahurumia. Mwenda alikuwa na sauti nzuri. Angeweza kutangaza kifo na watu wakajisikia wamebarikiwa.

Kiambi alijaribu kubaki mbali, karibu na mto, lakini mama yake hakuweza kusimama peke yake. Alipomketisha kwenye kiti cha nyuma, makufuli matatu ya stoo yalianguka moja baada ya jingine, na mlango ukafunguka taratibu hadi mwisho.

Stoo ilikuwa imejaa mbolea. Magunia yalipangwa mpaka kwenye mabati, na mengine yalikuwa yameanza kupasuka kwa kubanwa.

Wakulima walitazama. Mwenda naye aligeuka, akatazama, akarudi kwenye kipaza sauti.

"Mmejionea wenyewe," alisema. "Makufuli matatu, bila ufunguo. Kuna mtu alisema korti ilikosea?"

Watu waligeuza vichwa kumtazama Kiambi. Wengi walitikisa vichwa vile vile walivyotikisa siku ile barabarani. Mwenda alimwomba katibu aandike kwamba mkutano umeshuhudia.

"Na mbolea?" Karambu aliuliza kutoka nyuma.

"Mbolea hiyo ni ya msimu ujao, mama."

"Hata ya msimu jana ilikuwa ya msimu ujao."

"Tutafika hapo kwa mengineyo," Mwenda alisema.

Lakini hawakufika. Mvua ilinyesha, mtu mmoja akapendekeza mkutano ufungwe, mwingine akaunga mkono, na mlango wa stoo ukasukumwa na watu wanne na kuegemezwa jiwe. Kiambi alimpandisha mama yake mlima kwa mgongo. Walipofika nyumbani Karambu alisema amewachukia wote, na kwamba kesho ataenda kanisani kuomba apunguziwe hiyo chuki, lakini si leo.

Siku chache baadaye Mwenda alifika kwao mwenyewe, kwa gari, na mkate na sukari. Aliacha gari mbali kwa sababu milango yake ilikuwa ikifunguka. Alisema chama kimefikiria. Miaka ya nyuma kamati fulani ilinunua shamba Kiambere, upande wa Mbeere, karibu na bwawa la umeme, kwa kuambiwa kwamba mahali penye maji mengi hivyo kahawa haiwezi kukosa. Hakuna aliyewauliza wenyeji. Kahawa ilikauka kabla ya kuota majani ya pili. Sasa shamba lilikuwa limekaa tu, na chama kilihitaji mtu wa kuliangalia.

"Ni kazi ya kudumu," Mwenda alisema. "Mshahara kila mwezi, na bima ya hospitali, na pensheni ya uzeeni. Utaandikwa kabisa. Tunaamini mtu akitumikia kifungo asaidiwe."

"Kuna nini huko cha kulindwa?" Kiambi aliuliza.

"Hakuna kitu. Ni ardhi."

"Na nikitaka kuja huku kuona mama?"

"Mama atakuja huko," Mwenda alisema. "Huku si lazima."

Kiambi alielewa anacholipwa ili asifanye. Mama yake pia alielewa, na alimtazama Mwenda akimimina chai yake kwenye sahani kana kwamba ni mgeni wa heshima. Lakini Kiambi alimfikiria Kajuju, akakubali. Madam Karwirwa alikuja na simu, akawapiga picha wakishikana mikono, mwenyekiti na Kiambi, chini ya mgomba. Alifurahi kwa moyo wote. Alisema hii ndiyo kazi hasa, isiyo na mlango hata mmoja.

Na kweli hapakuwa na mlango. Kiambere palikuwa na joto, mawe, vichaka vya miiba, mizinga ya watu wengine ikining'inia mitini, na mbali kidogo maji ya bwawa yakimeta. Kiambi alijenga kibanda chenye kuta tatu, akaacha upande mmoja wazi ili asisumbuke. Mshahara uliingia kila mwezi bila kukosa. Alizunguka shamba asubuhi, akalizunguka mchana, akalizunguka jioni, akatoboa soli za viatu. Hakukuwa na mtu wa kumpa habari kwamba amezunguka. Alijaribu kutozunguka. Hakukuwa na tofauti, na hilo lilimkosesha usingizi. Kwa patasi ya Mithika alichonga viti, kimoja baada ya kingine, laini, visivyo na kibanzi, akavipanga uwanjani kama vya mkutano.

Mwishowe Kajuju alikuja kutazama. Alimleta Kinya, aliyekuwa amerefuka na kumwonea baba yake aibu, na begi moja ambalo alilishikilia mkononi. Alizunguka kibanda, akaketi kwenye kiti kimoja, akapitisha kiganja ubavuni mwake.

"Umejua kutengeneza," alisema.

"Nimejua."

"Na huku, ukichelewa wanakuuliza uko wapi?"

Kiambi hakuwahi kumdanganya. "Hapana," alisema. "Nikikosekana hakuna mtu anajua. Nikionekana kule ndio wataniuliza nimefuata nini."

Kinya alikuwa amekaa kiti cha mbele, akikiinamisha mbele na nyuma. Begi lilikuwa bado mapajani mwa mama yake, zipu imefungwa. Lilikuwa na kufuli dogo la safari, nalo lilikuwa limeshafunguka tangu walipofika. Kajuju hakulifunga tena, lakini hakulifungua begi pia.

Simu ya Kiambi ililia. Aliiweka sauti ya nje, kwa sababu spika ya sikioni ilikuwa imeharibika.

"Wewe ni Kiambi?" mtu alisema. "Ni kituo cha polisi. Uko wapi?"

Kiambi alimtazama Kajuju.

"Niko kazini," alisema.

"Kahawa ya ushirika imeibwa. Yote. Na makufuli hayajavunjwa. Kaa hapo hapo."

Kajuju alikuwa amesikia kila neno. Aliinuka, akaingia kibandani, akafungua begi, akaanza kutoa vyombo. Alitoa sufuria, mwiko, blanketi la Kinya, akavipanga kwenye ukuta wa nyuma. Alipomaliza akawasha moto akatia maji ya chai, ingawa kiberiti kilizima mara kadhaa.

Gari la polisi lilifika chai ikiwa tayari. Kiambi aliwaeleza kwamba Kanyakine ni mbali, na kwamba hajaondoka Kiambere tangu aajiriwe. Koplo alisema ataeleza hayo mbele. Kiambi aliuliza kama walioshika funguo wameulizwa. Koplo alisema wameulizwa, na hawajui. Alimtia pingu, zikafunguka. Akazifunga tena, zikafunguka. Koplo hakukasirika, alikuwa ameelezwa. Alikwenda kwenye gari, akarudi na kamba ya katani, akamfunga Kiambi mikono kwa kamba.

"Mtamrudisha lini?" Kajuju aliuliza.

"Inategemea, mama."

"Sasa sikia, afisa. Kuanzia kesho asubuhi kila siku nitakuja kituo kuuliza yuko wapi. Andika jina langu. Na huyu mtoto akikua ataniachilia nipumzike, atakuja kuuliza yeye."

Koplo alisema sawa. Hakuandika.

Nyuma ya gari alikuwamo tayari Ireri, mlinzi mpya wa stoo, mzee kidogo, mwenye koti lile lile la chama ambalo Kiambi aliwahi kulivaa. Hakuwa na ufunguo wowote. Alikuwa na tochi, nayo ilikuwa imechukuliwa kama kielelezo. Kiambi alipopanda na kuketi kando yake, pingu za Ireri zilifunguka na kuanguka sakafuni. Ireri aliinama, akaziokota, akamrudishia koplo, asije akaambiwa ndiye aliyezivunja.